Kwa Nini Maskini wa Manchester Walikufa Mapema: Afya na Jamii ya Uingereza Katika Enzi ya Viwanda

Mnamo mwaka 1842, mwanasheria Edwin Chadwick, katibu wa tume iliyosimamia misaada kwa maskini nchini Uingereza, alikamilisha ripoti ndefu juu ya hali ya usafi katika makazi ya wafanyakazi. Ndani yake mlikuwa na takwimu chache ambazo ziliwashtua wasomaji kuliko maelezo yote mengine. Katika mji wa Manchester, wastani wa umri wa kufa kwa watu wa tabaka la juu na familia zao ulikuwa miaka 38. Kwa wafanyabiashara na familia zao ulikuwa miaka 20. Kwa mafundi, vibarua na familia zao ulikuwa miaka 17 tu. Katika wilaya ya mashambani ya Rutland, kibarua na familia yake walikuwa na wastani wa miaka 38. Kwa maneno mengine, kibarua wa shamba, ambaye kwa kawaida alipata ujira mdogo kuliko mfanyakazi wa kiwandani, alilingana kwa umri na tajiri wa mjini.

Swali lililofuata lilikuwa la kitabibu na la kijamii kwa wakati mmoja: ni nini kilichokuwa kikiwaua watu wa Manchester? Majibu yaliyokuwa yakitolewa siku zile ni ulevi, uvivu, uchafu wa tabia, au mapenzi ya Mungu. Majibu hayo yote yalimwelekezea mgonjwa kidole. Makala haya yanaeleza jinsi jamii ya Waingereza, katika muda wa takriban miaka hamsini, ilivyolazimika kuyaacha na kutafuta chanzo cha maradhi mahali pengine: katika maji, makazi, chakula na kazi.

Miji iliyokua kabla ya mifereji

Mapinduzi ya viwanda yalianza Uingereza katika nusu ya pili ya karne ya 18. Mashine za kusokota na kufuma pamba, mitambo ya mvuke na makaa ya mawe viliihamisha kazi kutoka nyumbani na shambani na kuipeleka kiwandani. Watu waliifuata kazi. Sensa ya mwaka 1801 ilihesabu watu wapatao milioni 9 katika Uingereza na Wales. Ile ya mwaka 1901 ilihesabu zaidi ya milioni 32. Kufikia mwaka 1851, kwa mara ya kwanza, wakazi wa mijini walikuwa wengi kuliko wa mashambani.

Nyumba zilijengwa haraka na kwa gharama ndogo karibu na viwanda. Nyingi ziliegemeana kwa ukuta wa nyuma, hivyo hazikuwa na dirisha wala mlango upande wa pili, na hewa haikuweza kupita. Katika Liverpool na Manchester maelfu ya familia waliishi katika vyumba vya chini ya ardhi, ambamo mvua ilipokuwa kubwa majitaka yalipenya sakafuni. Choo kimoja cha shimo kilitumiwa na nyumba nyingi. Maji yalipatikana kwenye bomba moja la mtaa lililofunguliwa kwa saa chache, au kutoka kisima kilichochimbwa hatua chache kutoka mashimo ya vyoo.

Katika mazingira kama hayo maradhi hayakuhitaji mwaliko. Homa ya matumbo na kuhara vilienea kwa maji na chakula. Tifasi ilienea kwa chawa katika vyumba vilivyojaa watu. Kifua kikuu, surua na kifaduro vilipita kutoka pumzi hadi pumzi. Moshi wa makaa ya mawe ulilifunika jua, na watoto wengi wakapata matege kwa kukosa kile kinachojulikana leo kuwa ni vitamini D. Matege yalienea kiasi kwamba katika nchi nyingine za Ulaya yaliitwa ugonjwa wa Waingereza.

Kazi iliyoacha alama mwilini

Waganga wachache walikwisha kutambua kwamba kazi yenyewe inaweza kuwa ugonjwa. Mwaka 1775 mpasuaji wa London, Percivall Pott, alieleza saratani ya pumbu iliyowapata wasafishaji wa mabomba ya moshi. Wengi wao walianza kazi wakiwa watoto wadogo, kwa kuwa mwili mdogo tu ndio uliopita ndani ya bomba jembamba, na masizi yaliganda katika ngozi yao kwa miaka. Hii ilikuwa miongoni mwa mara za kwanza kwa saratani kuhusishwa na kazi fulani. Mwaka 1831 tabibu wa Leeds, Charles Turner Thackrah, alichapisha kitabu juu ya athari za kazi mbalimbali kwa afya, akipita kazi moja baada ya nyingine na kueleza kinachomdhuru mfanyakazi.

Mifano ilikuwa mingi. Katika viwanda vya pamba, vumbi la nyuzi liliwaletea wafanyakazi kikohozi na kubanwa kifua. Wanoaji wa visu wa Sheffield walivuta vumbi la mawe na chuma, na wengi walikufa kabla ya kufikia umri wa kati. Katika viwanda vya viberiti, fosforasi nyeupe ilisababisha taya kuoza, maradhi yenye maumivu makali na harufu iliyomtenga mgonjwa na watu. Mwezi Julai mwaka 1888, wanawake na wasichana wapatao 1,400 wa kiwanda cha Bryant & May jijini London waligoma. Mojawapo ya mambo waliyopata ni chumba tofauti cha kulia chakula, ili mkate wao usiliwe mahali penye sumu. Fosforasi nyeupe yenyewe ilipigwa marufuku kwa sheria ya mwaka 1908.

Watoto ndio walioamsha dhamiri ya taifa kwanza. Sheria ya Viwanda ya mwaka 1833 ilikataza kuajiri watoto walio chini ya miaka 9 katika viwanda vingi vya nguo, na ikawawekea wenye umri wa miaka 9 hadi 13 kikomo cha saa 48 kwa wiki. Jambo lililokuwa jipya zaidi ni kwamba iliweka wakaguzi wanaolipwa na serikali. Walikuwa wanne tu kwa nchi nzima, lakini tangu hapo sheria ilikuwa na macho. Mwaka 1842 sheria nyingine iliwaondoa wanawake, wasichana na wavulana walio chini ya miaka 10 kutoka kazi za chini ya ardhi migodini.

Nyumbani: mkate, maziwa na afyuni

Mfanyakazi aliyetoka mashambani alizoea kula alichopanda. Mjini alikula alichouziwa, na muuzaji hakuwa na wa kumchunguza. Mkate ulichanganywa na shabu ili uonekane mweupe, na maziwa yaliongezwa maji. Mwaka 1858, katika mji wa Bradford, peremende zilizochanganywa kwa makosa na aseniki ziliua watu wapatao 20 na kuwaugua zaidi ya 200. Aliyezitengeneza alikusudia kupunguza sukari kwa kutia unga wa bei nafuu usio na lishe, kama wengi walivyofanya, lakini duka la dawa lilimpa sumu badala ya unga huo.

Kwa mama aliyelazimika kurudi kiwandani muda mfupi baada ya kujifungua, mtoto aliachwa kwa jirani au kwa mtoto mwenzake. Ili alale mchana kutwa, mara nyingi alipewa dawa ya maji yenye afyuni. Mojawapo iliyojulikana sana ni Godfrey's Cordial. Mtoto aliyelala hakunyonya wala hakulia njaa, na wengi walififia polepole bila kifo chao kuandikwa kuwa ni sumu. Wahubiri waliwalaumu akina mama. Wachache waliuliza mama huyo angefanya nini, iwapo kutokwenda kazini kulimaanisha njaa kwa nyumba nzima.

Kipindupindu na hofu ya hospitali

Maradhi yaliyolitikisa taifa ni kipindupindu. Kilitokea Asia, kikafuata njia za biashara na majeshi, na kikafika bandari ya Sunderland mwezi Oktoba mwaka 1831. Katika wimbi hilo la kwanza watu wapatao 32,000 walikufa Uingereza na Uskoti. Serikali ilitangaza tarehe 21 Machi, 1832 kuwa siku ya taifa ya kufunga na kuomba toba.

Wananchi wa kawaida waliogopa kipindupindu, lakini wengi waliwaogopa waganga zaidi. Shule za udaktari zilihitaji miili ya kujifunzia, na wizi wa maiti makaburini ulikuwa biashara iliyojulikana. Huko Liverpool, katika majira ya joto ya mwaka 1832, makundi ya watu yalivamia machela za wagonjwa na kuwarushia waganga mawe, yakiamini kwamba wanaochukuliwa hospitali wanapelekwa kuuawa na kupasuliwa. Huko Manchester, mwezi Septemba mwaka huo, babu mmoja alitilia shaka jeneza la mjukuu wake aliyefia katika hospitali ya kipindupindu. Lilipofunguliwa, kichwa cha mtoto hakikuwamo. Mahali pake palikuwa na tofali. Umati ulilibeba jeneza hilo mitaani na kuishambulia hospitali.

Tukio hilo lina uzito kwa kila mhudumu wa afya. Uvumi wa Manchester haukuzaliwa na ujinga mtupu. Ulikuwa na chembe ya ukweli ndani yake, na chembe hiyo ilitosha kuharibu kazi ya waganga waaminifu. Kilichosaidia kutuliza Liverpool ni maneno ya makasisi Wakatoliki, ambao waumini wao, wengi wakiwa wahamiaji maskini kutoka Ireland, waliwaamini. Imani ya jamii ilikuwa sehemu ya tiba, na ilipopotea dawa haikufika kwa mgonjwa.

Tiba iliyoonekana ikasahauliwa

Waganga wengi wa wakati huo walimtoa damu mgonjwa wa kipindupindu na kumpa chumvi za zebaki za kuharisha, yaani walimwongezea upungufu wa maji aliokuwa nao tayari. Hata hivyo, kijana William O'Shaughnessy, aliyechunguza damu ya wagonjwa huko kaskazini mwa Uingereza, alibaini mnamo mwaka 1831 na 1832 kwamba ilikuwa imepoteza maji na chumvi kwa wingi. Akapendekeza virudishwe mwilini. Mwaka 1832 Thomas Latta, tabibu wa Leith nchini Uskoti, aliingiza maji ya chumvi katika mshipa wa wagonjwa mahututi, na baadhi yao walizinduka mbele ya macho yake.

Fikra ilikuwa sahihi. Lakini maji yale hayakuwa yametakaswa, wagonjwa wengi walitibiwa wakiwa wamechelewa mno, na wale waliozinduka mara nyingi walizidiwa tena kwa kuwa hawakuongezewa maji ya kutosha. Baada ya wimbi kupita, njia hiyo iliachwa kwa miongo mingi. Mchanganyiko wa chumvi na sukari wa kunywa, unaotumika leo katika kila zahanati, ulithibitishwa katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Dhaka na Calcutta.

Daftari la vifo

Kuanzia tarehe 1 Julai, 1837, kila kizazi, ndoa na kifo katika Uingereza na Wales kilipaswa kusajiliwa na serikali. Mwanzoni lengo kubwa lilikuwa kulinda haki za mali na kuwasaidia wasio wa Kanisa la Anglikana. Lakini William Farr, aliyeanza kazi katika ofisi kuu ya usajili mwaka 1839, aliligeuza daftari hilo kuwa chombo cha afya. Alisisitiza sababu ya kifo iandikwe, akayapanga maradhi katika makundi, na akalinganisha wilaya kwa wilaya.

Farr pia alisahihisha upungufu wa takwimu za Chadwick. Wastani wa umri wa kufa unaweza kudanganya, kwa kuwa mji wenye watoto wengi utakuwa na vifo vingi vya watoto, na wastani utashuka hata kama watu wazima wanaishi muda mrefu. Miaka 17 ya Manchester haikumaanisha kwamba vibarua walikufa wakiwa vijana wa miaka 17. Ilimaanisha kwamba watoto wao wengi sana walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Kwa hiyo Farr alitengeneza majedwali ya maisha, yanayozingatia idadi ya watu wa kila umri. Hata kwa kipimo hicho cha haki zaidi, mtoto aliyezaliwa Surrey mashambani angetarajia kuishi miaka 45, na yule wa Liverpool miaka 26. Hesabu ilibadilika, lakini pengo lilibaki.

Kisima cha Broad Street

Wataalamu wengi, Chadwick akiwa miongoni mwao, waliamini kwamba maradhi huletwa na hewa mbaya inayotoka kwenye uchafu. Imani hiyo iliwasukuma kusafisha miji, jambo jema. Lakini iliwafanya pia waelekeze majitaka ya London katika mto Thames ili harufu iondoke mitaani. Makampuni kadhaa ya maji yalikuwa yakichota katika mto huohuo. Wimbi la mwaka 1848 na 1849 liliua zaidi ya watu 53,000 katika Uingereza na Wales.

John Snow, mtoto wa kibarua wa York aliyekuwa tabibu na mtaalamu wa usingizi wa upasuaji, alifikiri tofauti. Kipindupindu huanza tumboni, hivyo alidai kwamba sumu yake humezwa. Aliandika hivyo mwaka 1849, na wachache wakamsikiliza. Usiku wa tarehe 31 Agosti, 1854, mlipuko mkali ulianza katika mtaa wa Soho jijini London, na mwishowe ukaua watu zaidi ya 600. Snow aliomba majina ya marehemu kutoka ofisi ya Farr, akapita nyumba kwa nyumba akiuliza walikunywa maji gani. Vifo vilikizunguka kisima cha pampu cha Broad Street.

Waliosalimika walimfundisha kama waliokufa. Katika nyumba ya maskini ya mtaa wa jirani, yenye wakazi 535, walikufa 5 tu. Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake. Katika kiwanda cha pombe kilichokuwa karibu na pampu, hakuna mfanyakazi aliyekufa. Walikunywa pombe ya kiwandani na walikuwa na kisima chao. Kwa upande mwingine, mjane mmoja aliyehamia Hampstead, mbali na Soho, alikufa kwa kipindupindu mahali ambapo hapakuwa na mgonjwa mwingine. Aliipenda ladha ya maji ya Broad Street, na aliletewa chupa yake kila siku kwa mkokoteni.

Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu uliondolewa. Mara nyingi husimuliwa kwamba mlipuko ulikoma papo hapo. Ukweli ni kwamba ulikwisha kupungua, kwa kuwa wakazi wengi walikuwa wamekimbia. Baadaye kasisi wa mtaa, Henry Whitehead, ambaye awali alitaka kumpinga Snow, aligundua chanzo: mtoto mchanga wa nyumba namba 40 alikuwa ameharisha, na maji yaliyofuliwa nepi zake yalimwagwa katika shimo lililovuja kuelekea kisimani. Baba wa mtoto huyo aliugua siku ileile mpini ulipotolewa. Yumkini kuondolewa kwake kulizuia mlipuko wa pili.

Ushahidi wenye nguvu zaidi wa Snow ulitoka kusini mwa Thames. Huko makampuni mawili yaliuza maji katika mitaa ileile, mara nyingine nyumba moja ikitumia kampuni hii na jirani yake kampuni ile. Kampuni ya Lambeth ilikuwa imehamishia mahali pake pa kuchotea juu ya mto, mbali na majitaka ya jiji. Kampuni ya Southwark and Vauxhall haikuhama. Katika majuma saba ya kwanza ya mlipuko wa mwaka 1854, vifo vilikuwa 315 kwa kila nyumba 10,000 za Southwark and Vauxhall, na 37 tu kwa kila nyumba 10,000 za Lambeth. Matajiri na maskini, wasafi na wachafu, wacha Mungu na walevi walikuwamo katika pande zote mbili. Kilichowatenganisha ni bomba.

Hata hivyo kamati rasmi ya serikali haikukubali maelezo yake. Snow alifariki mwezi Juni mwaka 1858 kabla fikra yake haijakubalika. Bakteria wa kipindupindu alikwisha kuelezwa na Filippo Pacini wa Italia mwaka 1854, lakini ulimwengu haukumtambua hadi Robert Koch alipomchunguza Misri na India mnamo mwaka 1883 na 1884.

Sheria, kodi na mifereji

Kujua hakukutosha, ilibidi mtu alipe. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1848 iliruhusu miji kuunda bodi za afya, na iliwezesha kuzilazimisha pale tu ambapo vifo vilizidi 23 kwa kila watu 1,000 kwa mwaka. Liverpool ilikuwa imetangulia kwa kumteua William Henry Duncan kuwa mganga wa afya wa mji mwaka 1847. Lakini wenye nyumba waliolipa kodi za mji walipinga gharama za mabomba, wakisema serikali inaingilia uhuru wao. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta; ukuta wa London ulijengwa kwa gharama kubwa.

Majira ya joto ya mwaka 1858 yalikuwa makali, na harufu ya Thames ikawafikia wabunge wenyewe katika jengo lao kando ya mto. Mapazia yalilowekwa chokaa yenye klorini bila mafanikio. Katika muda wa siku 18 sheria ilipitishwa, na mhandisi Joseph Bazalgette akapewa uwezo wa kujenga mifereji mikuu ya kuyakusanya majitaka na kuyapeleka chini ya jiji, mbali na wakazi. Mwaka 1866 kipindupindu kiliporudi London, kiliua kwa wingi mashariki mwa jiji, sehemu ambayo haikuwa imeunganishwa bado na ambayo ilipewa maji machafu na kampuni yake. Farr, ambaye sasa alikuwa amekubaliana na Snow, ndiye aliyeionyesha kampuni hiyo kwa takwimu. Huo ulikuwa mlipuko mkubwa wa mwisho wa kipindupindu London. Sheria ya Afya ya Umma ya mwaka 1875 iliugeuza wajibu wa maji safi na mifereji kuwa wa lazima kwa mamlaka za miji yote.

Mawimbi hayo hayakuishia Ulaya. Mwaka 1869 na 1870 kipindupindu kiliua watu wengi sana Unguja na pwani ya Afrika Mashariki. James Christie, tabibu Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Unguja, alifuatilia jinsi kilivyosafiri kwa misafara ya biashara na hija, na mwaka 1876 akachapisha London kitabu juu ya milipuko hiyo. Maswali yaliyoulizwa Soho yalikuwa yameanza kuulizwa Ng'ambo na Mji Mkongwe.

Waliojisaidia wenyewe

Ingekuwa kosa kudhani kwamba maskini walisubiri kuokolewa. Waliunda vyama vya kusaidiana katika ugonjwa na kuzikana, ambavyo mwanachama alivichangia kila wiki ili alipougua familia isife njaa. Mwezi Desemba mwaka 1844, kikundi cha wafumaji na mafundi wa Rochdale, karibu na Manchester, kilifungua duka lao wenyewe. Waliuza unga, siagi, sukari na shayiri visivyochanganywa na takataka, kwa vipimo vya haki, na kugawana faida kulingana na manunuzi ya kila mmoja. Kanuni zao ndizo zilizokuwa msingi wa vyama vya ushirika duniani kote, vikiwamo vya wakulima wa kahawa na pamba wa Afrika Mashariki. Duka hilo lilikuwa huduma ya afya pia, ingawa halikuwa na tabibu.

Fasihi nayo ilifanya kazi yake. Elizabeth Gaskell, aliyeishi Manchester, na Charles Dickens wa London waliandika riwaya zilizowafanya wasomaji wa tabaka la kati wamwone kibarua kama mtu mwenye jina, mke na watoto. Takwimu ziliwaambia wangapi walikufa; riwaya ziliwaonyesha ni akina nani.

Mambo ya kuzingatia

Mafanikio ya Uingereza yasitiwe chumvi. Vifo vya homa ya matumbo na kipindupindu vilipungua sana mwishoni mwa karne ya 19, na vya kifua kikuu vilianza kushuka miongo mingi kabla ya dawa ya streptomycin kupatikana katika miaka ya 1940. Lakini vifo vya watoto wachanga vilibaki takriban 150 kwa kila vizazi hai 1,000 hadi karne ilipokwisha, kwa kuwa mabomba hayakutosha kumlinda mtoto aliyekosa maziwa safi, mama mwenye afya na muda wa kunyonyeshwa.

Kwa mhudumu wa afya, historia hii inaonyesha thamani ya swali la Snow: umekunywa maji gani, unaishi wapi, unafanya kazi gani? Jibu lake huenda likawa sehemu ya utambuzi wa ugonjwa. Inaonyesha pia kwamba cheti cha kifo kilichojazwa kwa uangalifu si karatasi ya mazishi tu. Kinaweza kumwokoa jirani wa marehemu.

Kwa mgonjwa na familia yake, inaonyesha kwamba ugonjwa si aibu wala adhabu. Watu wa Soho hawakufa kwa sababu ya tabia zao, bali kwa sababu ya kisima walichokiamini. Kutoa taarifa mapema mtu anapoharisha sana, kumpa maji ya chumvi na sukari bila kuchelewa huku akipelekwa kituo cha afya, na kudai maji safi mtaani, ni mambo ambayo vizazi vya Manchester na London viliyapata kwa gharama ya maelfu ya makaburi. Mficha maradhi kilio humfichua, na mtaa unaoficha kisima kibovu hufichuliwa na msiba uleule.